Vipimo vya Jikoni kwa Mama Sesilia

Sesilia alinitumia ujumbe wa sauti. Nilikuwa nyumbani kwangu Inyonga nachambua maharage, simu nimeiegemeza kwenye sufuria ili nisikie vizuri, maana masikio yangu nayo yameanza kunifanyia utani. "Shikamoo dada Feli. Kipa wetu katutoka leo mchana. Mama anasema uje. Anasema usihangaike kubeba vitu, njoo na mikono yako tu." Halafu akasahau kuzima. Nikasikia kuku, nikasikia mtu akiburuta benchi, na kwa mbali sauti ya Mama Sesilia mwenyewe: "Mwambie avae kiatu cha chini. Lile goti nalijua mimi." Nikacheka peke yangu pale jikoni, na kicheko hakijaisha nikajikuta nalia, na maharage mazuri niliyokuwa nimeshayatenga nikayachanganya tena na mabovu.

Huyo kipa ni Deogratias, Deo kwa sisi tuliomjua. Hakudaka mpira wowote tangu tukiwa vijana, lakini mtaa mzima wa Misunkumilo walimwita kipa, hata watoto waliozaliwa juzi ambao hawakujua alikuwa kipa wa timu gani. Aliishi kwa Mama Sesilia maisha yake yote ya utu uzima, na hakuwa mwanawe wala ndugu wa ukoo. Alipelekwa pale kwa ajili ya kidole kilichochomoka, kwa matumaini ya kukaa siku chache, akabaki mpaka alipotolewa kwenye jeneza. Mwaka aliopelekwa ndio ninaotaka kuusimulia, kwa sababu mimi nilikuwa nimetangulia kufikishwa kwenye sebule hiyo hiyo na goti langu, na kwa sababu niliona kwa macho yangu jinsi kijana mzima alivyopotea mikononi mwa watu waliompenda. Habari za kwetu Mpimbwe, nani alimzaa nani, nitaziacha. Zina mahali pake.

Wakati huo Mpanda bado tulikuwa mkoa wa Rukwa, na ukitaja Katavi watu walifikiria viboko wa mbugani. Timu za wilaya, za mpira wa miguu, netiboli na wavu, ziliwekwa kambi moja kwenye madarasa ya shule wakati wa likizo, tujiandae kuwapokea Tabora ambao wangekuja kwa treni. Mimi nilikuwa mlinzi wa goli kwenye netiboli, mrefu, mkavu, na mdomo ninao. Jioni moja niliruka, nikaudaka mpira juu, na wakati wa kutua unyayo ukashika ardhi ukakaa hapo hapo, mwili ukageuka peke yake. Nilisikia mlio ndani ya goti, mdogo, kama kijiti kikavu. Daktari aliyenipima nikiwa mtu mzima aliniambia kano ya ndani ilikatika siku ile, na kwamba wasichana wengi wa netiboli huumia hivyo hivyo, kwa kuruka na kutua. Siku ile hakuna aliyeijua hiyo kano. Kambini sheria ilikuwa moja: ukiumia unakandwa maji ya moto na chumvi, palepale, na anayekukanda aliongeza nguvu kadiri ulivyopiga kelele. Goti likavimba mpaka likapoteza umbo. Siku hizi nikipita uwanjani nawaona vijana wanawekeana barafu kwenye mifuko kabla hata vumbi halijatulia, na huwa nasimama kuwatazama. Kocha alipoona siwezi kuukunja mguu hata wa kuingia chooni, alinipakia kwenye baiskeli akanisukuma mpaka Misunkumilo.

Mama Sesilia alikuwa mkulima wa mpunga, mtu wa kwetu Mpimbwe aliyehamia mjini, na kuchua watu aliachiwa na shangazi yake. Alikuwa mwanamke wa makamo, mikono mipana, hasira zake karibu na huruma zake karibu vilevile. Sebule yake ilikuwa ndefu. Ukutani palikuwa na picha ya Bikira Maria, chini mikeka, na pembeni magunia ya mpunga yaliyopangwa tukayaegemea sisi majeruhi, kila mmoja na gunia lake, na ole wako ukae kwenye gunia la mwenzio. Palinukia mawese aliyotuchulia, majani ya mnyonyo yaliyopashwa motoni, na wali. Sesilia alikuwa bado wa kubebwa mgongoni. Rehema wa timu ya wavu alikuwa na bega lililochakazwa na kupiga mpira kila siku juu ya wavu, hata kuchana nywele hawezi, nikawa namsuka mimi. Mkimbiaji mmoja alipitia pale na msuli wa nyuma ya paja uliochanika, akalala kifudifudi akilalamikia chakula mpaka alipoondoka, na hatukumkumbuka sana. Tulikula sinia moja. Ukitaka kuwajua watu, kula nao sinia moja wakiwa wanaumwa.

Mama Sesilia hakumruhusu mtu kurudi uwanjani kwa maneno ya mtu mwenyewe. "Uwanjani unajikaza kwa sababu unaangaliwa," alituambia. "Hapa jikoni kwangu nani atakupigia makofi?" Kwa hiyo kila kiungo kilikuwa na kipimo chake. Mwenye kifundo cha mguu alijaza ndoo kisimani akaileta kichwani, na Mama alisimama mlangoni akiyatazama mabega. Yakiwa yamelowa, mtu huyo bado anachechemea. Bega lilipimwa kwenye kinu, kutwanga mpunga kwa mkono ule ule mbovu mpaka maganda yaachie. Goti lilipimwa kwa kuchutama mbele ya ungo, kuchambua mchele mpaka uishe, halafu kuinuka bila kushika ukuta. Vidole vilipimwa kwa ugali. Ukimega tonge la moto, ukalifinyanga, ukalitia kishimo cha kuchotea mchuzi bila kukunja uso, basi nenda kacheze. Tulivicheka vipimo hivyo na tuliviogopa, kwa sababu havikuwa vinakosea. Kocha naye alivifuata. Mtu ambaye hajapita jikoni kwa Mama Sesilia hakupangwa.

Deo na Saidi waliletwa siku moja. Saidi alikuwa mshambuliaji, mtoto wa wenye maduka wa Shanwe, mtanashati hata akiwa na matope. Deo alikuwa kipa, ametokea Karema kando ya ziwa, mwenye mikono mirefu na tabia ya kusalimia watu wote, mpaka mbuzi. Kwenye mazoezi Saidi alibaki yeye na kipa, Deo akajitupa miguuni pake kuukumbatia mpira, na goti la Saidi likampiga kichwani juu ya sikio. Saidi akaanguka vibaya, kifundo kikapinda. Deo akabaki amelala. Wakammwagia maji, wakampepea kwa jezi, akafumbua macho, akakaa, akauliza, "Tumeshinda?" Yalikuwa mazoezi. Uwanja mzima ukacheka, na alipoinua mkono wakaona kidole cha kati kimekaa upande, basi kila mtu akakimbilia kidole. Kwa miaka yote hii hapo ndipo akili yangu inapogota. Kidole kilionekana. Kifundo cha Saidi kilivimba kikabadilika rangi, kilionekana. Goti langu lilionekana hata ukisimama barabarani. Kichwa cha Deo hakikuwa na mkwaruzo wowote.

Mama Sesilia alikivuta kidole mara moja tu huku akimuuliza habari za Karema, kikarudi mahali pake, akakifunga na mwenzake kwa kipande cha kanga. Na kwa kuwa Deo alikuwa na miguu mizima, ndiye aliyetuhudumia sisi wengine. Alituletea maji ya kuoga, alimshikia Saidi bega kwenda nje kutawadha, alimbeba Sesilia mgongoni huku akipuliza moto. Saidi akiswali pembeni ya magunia, Mama Sesilia alikuwa akishusha sauti ya rozari yake, na Deo alikaa katikati yao ametulia, mgongo kauelekeza mlangoni. Mgongo mlangoni ndio nilioanza kuuona. Alikuwa hapendi mwanga. Redio ikitangaza mpira, yeye aliyekuwa anaishi kwa redio, aliomba ipunguzwe, halafu izimwe. Uji aliutia chumvi mara mbili akaunywa bila kushangaa. Na kulikuwa na habari ya mbuzi.

Habari yenyewe ni kwamba siku ya Pasaka mbuzi aliingia kanisani Karema wakati wa misa, akatafuna maua ya altareni, akakimbia na shada mdomoni, na Deo akiwa mdogo akamdaka mlangoni, na padri akasema kijana huyu atakuwa kipa. Mara ya kwanza tulicheka mpaka Rehema akashika bega kwa maumivu. Mara ya pili tulicheka kidogo. Ilipofika tunasikia asubuhi na jioni, kila mara ikianza na "Jamani, nimewahi kuwaambia habari ya mbuzi?", Rehema akamjibu, "Huyo mbuzi kazeeka sasa, mchinje tule." Deo alicheka na sisi. Lakini mimi nilikuwa namtazama, sitaficha, nilikuwa namtazama zaidi ya wenzangu na kwa sababu zangu, na niliona amecheka baada yetu, kwa kutufuata, kama mtu anayeimba wimbo asioujua.

Nilimfuata Mama Sesilia jikoni, nikijikokota na fimbo.

"Mama, Deo hayuko sawa."

"Kidole?"

"Kichwa. Habari ya mbuzi kaisimulia asubuhi, na sasa hivi kaniuliza kama ameshawahi kuniambia."

"Si anakutania, mwanangu. Kijana akimpenda msichana anaishiwa maneno."

"Hanitanii, mama. Jana kamwita Rehema jina lingine."

Hakunipuuza, nataka hilo lieleweke, kwa sababu baadaye watu walisema mengi juu yake. Aliosha mikono, akaenda sebuleni, akakishika kile kichwa kwa viganja vyote viwili, akakibonyeza taratibu kote, juu ya masikio na shingoni. "Kunauma wapi, baba?" Deo akasema hakuumi, labda jua likiwa kali, kidogo tu. Mama akabaki amemshika. Mikono yake ilizoea kukuta kitu, uvimbe, joto, mfupa uliohama, na pale haikukuta. Shangazi yake alimwachia jambo moja tu kuhusu kichwa: mtu aliyeumia kichwa hutapika, na chakula hukikataa. Anayekula ni mzima. Basi akasonga ugali, akaunga samaki wa migebuka kwa nyanya, akatuita wote kwenye sinia, na akamfungua Deo kile kidole ili apime yote kwa mara moja.

Sijawahi kuangalia mtu akila namna ile. Sote tuliacha kula. Deo alimega tonge likiwa linatoa mvuke, akalifinyanga, akalitia kishimo, akachota mchuzi, akatia mdomoni, akatafuna, akameza, akatutazama kwa zamu. "Nyie mbona hamli?" Akamega jingine. Alikula upande wake wote na akaanza kuingia upande wangu. Tukamsubiri atapike, hakutapika. Rehema akapiga kigelegele, Saidi akampiga makofi ya paja, na Mama Sesilia akakaa chini kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, akasema, "Kapita. Mungu asifiwe, kapita." Alikuwa na furaha. Mimi pia nilitaka kuwa na furaha.

Kocha alikuja na baiskeli yake siku ya pili, nikawasikia barazani, maana gunia langu lilikuwa chini ya dirisha. Alisema kipa wa akiba ni mdogo, Tabora watamla. Akauliza, "Vidole vimepona kabisa?" Mama akasema vimepona. Halafu Mama akasema, "Ila huyu binti wa netiboli ana wasiwasi naye. Anasema anasahau." Kocha akacheka, siyo kwa ubaya, alikuwa mtu mwema aliyechoka. "Feli goti limemweka ndani, mama. Mtu akikaa ndani anamuona kila mtu mgonjwa." Deo aliposikia niliyoyasema alinijia nikiwa peke yangu, akachutama mbele yangu. "Feli, usiniharibie. Mama yangu anakuja kutoka Karema kuniona nikidaka. Hajawahi kuniona." Nikamwambia basi asimwambie mama yake habari ya mbuzi, na akaniuliza kwa dhati, "Mbuzi gani?"

Siku ya mechi tulikwenda wote, mimi kwenye kiti kando ya mstari, mguu mbele. Mama yake Deo, mwanamke mdogo aliyevaa kitenge cha kanisani, alikaa karibu nami na kikapu cha dagaa wakavu aliowaleta kwa ajili ya Mama Sesilia. Deo alidaka vizuri, na hilo ni la kweli, kwani mikono yake haikusahau chochote. Kipindi cha pili alitoka kuwahi krosi, mpira ukampiga kwenye paji la uso. Haukuwa mpira mkali. Ungempiga Saidi angejipangusa na kuendelea. Deo alisimama, akarudi golini, akaushika mwamba kwa mkono mmoja, akamtafuta mama yake kwa macho. Kisha akakaa chini taratibu, mgongo kwenye mwamba, jinsi alivyokaa kwenye gunia lake, na akalala upande. Mama yake akaniuliza, "Sasa huyu anafanya nini?" Nilijaribu kuinuka nikaanguka, na nikiwa chini pale kwenye vumbi nilimuona Mama Sesilia anakimbia uwanjani, viatu mkononi, anapiga kelele jina lake.

Hakufa siku ile. Wapo waliosema ingekuwa heri, na nilimkasirikia kila aliyesema. Alikaa hospitali muda mrefu, mama yake na Mama Sesilia wakipokezana kitandani. Daktari alieleza kwamba kichwa kilikuwa na jeraha la kwanza ndani ambalo halijapona, na kwamba kugongwa tena, hata kidogo, juu ya jeraha bichi, ndiko kulikofanya damu imwagike. Mama Sesilia alimwomba arudie. Akarudia. Akaomba arudie tena. Alipotoka pale alikuja akaketi kati ya magunia bila kuvua mtandio, akasema, "Kwa hiyo alikuwa anakula na jeraha." Siku hiyo hakupika. Mjini watu walisema Tabora wamemroga, wengine wakasema Saidi ana goti la chuma, na wengine wakasema yule mama wa kuchua ndiye aliyemmaliza. Deo alirudi akitembea kwa kusita, mkono mmoja ukitetemeka, na kifafa kikawa kinamjia. Ya zamani aliyakumbuka yote. Ya jana yalimtoka. Mama yake alijaribu kumrudisha Karema, lakini kule alikuwa akitoka nyumbani kutafuta kambi, na mara moja walimtoa ziwani maji yamemfika kifuani. Wazazi wale wawili wa kike walikaa wakazungumza siku nzima, na jioni ikaamuliwa abaki Misunkumilo, ambako kila alipotoka nje alikuta watu wanaomjua na uwanja ulio karibu.

Mama Sesilia aliendelea kuchua. Nilidhani ataacha. Lakini aliongeza kipimo cha kichwa, na hicho hakurithi kwa mtu. Yeyote aliyegongwa kichwa, hata kama alicheka na kula, alipewa mwiko wa kusongea ugali. "Kaufiche popote humu ndani. Kesho nitauomba." Kesho yake akishindwa kusema ameuficha wapi, hachezi, na kesho kutwa anapewa tena. Kocha hakubisha tena hata mara moja. Vijana wengi waliwahi kukasirika kwenye sebule ile kwa sababu ya mwiko, na wote wako hai, baadhi ni babu sasa. Deo aliona jinsi kipimo hicho kinavyofanyika, akaelewa kwamba anayeupata mwiko anarudi uwanjani. Akaenda kwa Mama. "Nipime na mimi, mama. Mechi ya Tabora inakaribia." Mama akampa. Kesho yake hakujua hata kama alipewa. Jioni akaja tena, uso ule ule wa kuomba. "Nipime na mimi, mama." Na Mama akampa tena. Nilimuuliza kwa nini anampa wakati anajua. Akanijibu kwa hasira, "Unataka nimwambie nini? Kwamba simpimi tena?"

Kipimo changu mwenyewe nilikifanya mwaka ukiwa unaelekea mwisho. Nilichutama mbele ya ungo, na hilo peke yake lilinitoa jasho. Nikachambua mchele mpaka ukaisha. Deo alikuwa amekaa kando yangu akinisimulia mbuzi. Nilipotaka kuinuka, goti likateleza pembeni kwa ndani, nikashika ukuta. Mama Sesilia aliona. Alikuja akanikalisha, akanipaka mawese ingawa hayakuwa na kazi tena, na akasema polepole kuliko nilivyowahi kumsikia, "Netiboli basi, mwanangu. Kasome." Nililia kwa sauti bila aibu, na Deo akanipangusa machozi kwa kile kidole chake kilichopona vizuri, akaniambia, "Usilie, Feli. Nimewahi kukuambia habari ya mbuzi?" Nikamwambia hapana, niambie. Muda mfupi baadaye nilipanda treni kwenda Tabora kusomea ualimu. Sikumaliza kumpenda. Niliolewa, nikazaa, nikafundisha shule nyingi, na kila likizo nilipopita Misunkumilo alinitambua papo hapo, akaniuliza goti linaendeleaje na kama nitapona kabla ya Tabora kuja.

Juzi niliwakuta wengi pale kwenye msiba, lakini wa sebule ile tulikuwa wachache. Rehema alishatangulia. Saidi alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki nje, mzee mnene mwenye duka lake Shanwe, fimbo kati ya magoti. Kila Ijumaa baada ya swala, tangu ujana, alikuwa akija kukaa na Deo, wakanywa chai, akasimuliwa mbuzi. Hakuna aliyemwagiza. Nilipompa pole alilipiga goti lake la kulia kwa kiganja, akasema, "Hili hapa, dada Feli. Halijawahi kuniuma hata siku moja." Nikakaa naye. Kuna vijana wa timu ya mtaa walikuja na jezi zao kubeba jeneza, na mmoja alikuwa na bandeji ya kisasa kwenye kifundo, akachechemea akidhani hatumuoni.

Tulipotoka makaburini niliingia jikoni, ambako Mama Sesilia alikuwa amekaa kwenye kigoda, amepungua, macho hayaoni vizuri, mikono ni ile ile mipana. Akina mama walikuwa wameteleka sufuria kubwa ya maji ya ugali wa waombolezaji. Nilitaka kukaa chini kando yake, akanizuia, "Usichutame wewe, vuta kiti." Nikavuta. Kisha akanieleza bila mimi kuuliza.

"Siku aliyotutoka, asubuhi, nilikuwa nakoroga uji kwa kijiko, kwa sababu mwiko alikuwa nao yeye tangu jana yake. Nilizoea. Kila siku yeye anauficha, mimi na Sesilia tunautafuta. Sasa nikasikia mtu mlangoni. Namuona kasimama na mwiko, anaupangusa kwa shati. Sijamwomba, Feli. Sijamwomba kabisa. Akaniambia, 'Mama, niliuficha nyuma ya gunia la Feli. Huu hapa.'"

Magunia yale hayapo siku nyingi. Pale ukutani sasa kuna makochi ya Sesilia. Lakini nilijua sehemu aliyoitaja, chini ya dirisha.

"Nikamwangalia," Mama Sesilia akaendelea. "Akaniuliza, 'Sasa naweza kudaka?' Miaka yote ile namwambia kesho, kesho. Nikamwambia, 'Umepita, baba. Nenda kadake.' Akafurahi, Feli. Alifurahi mpaka mkono ukaacha kutetemeka. Akanywa uji, akaenda kujilaza kidogo. Akasema nimwamshe Tabora wakishuka kwenye treni."

Hakulia. Mimi nililia kwa niaba yetu wote wawili. Maji yalikuwa yameanza kuchemka na Sesilia akamimina unga, akageuka kutafuta cha kusongea. Mama akaingiza mkono chini ya kanga yake, akautoa ule mwiko, mpini umelainika kwa kushikwa, akaukumbatia kidogo kifuani kisha akanipa mimi.

"Songa," akasema. "Watu hawajala tangu asubuhi."